Nota za kwaya kwa MuseScore Studio: mwongozo kamili wa mambo mapya, kutoka daftari hadi simu za waimbaji

Mazoezi ni Jumamosi saa tisa alasiri. Wimbo umekamilika kichwani, nusu yake iko kwenye daftari, na waimbaji 30 wanasubiri karatasi. Wachache kati yao wanasoma nota, wengine wanasoma solfa, na waliobaki husubiri "tuimbie mwalimu, tutaishika". Mwongozo huu ni wa mwalimu wa kwaya aliye katika hali hiyo, na unaanza na kompyuta tupu.

Programu ya kuandika nota tutakayotumia ni MuseScore Studio. Ni ya bure kabisa, na hata msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Werner Schweer, Mjerumani, ndiye aliyeianza mwaka 2002, na kwa miaka mingi waandishi wakubwa waliiona kama ya wanafunzi. Toleo la 4 la Desemba 2022 lilibadili mambo: sauti mpya, mpangilio mpya wa ukurasa, sura mpya. Tangu mwaka 2024 jina ni MuseScore Studio.

Sababu nyingine ya kuizungumzia sasa ni Finale, programu ya siku nyingi ya kuandika nota. Tarehe 26 Agosti 2024, kampuni ya MakeMusic ilitangaza kwamba haitaiendeleza tena, baada ya miaka 35. Wengi wetu tulijifunzia humo, na nyimbo zetu za ujana zimelala ndani ya mafaili ya .mus na .musx. Kama kompyuta yako bado inafungua Finale, soma sehemu ya mwisho ya mwongozo huu kwanza, kisha urudi hapa.

Kupakua bila kumaliza bando

Nenda musescore.org. Ile ya musescore.com ni tovuti ya kuhifadhi na kuuza nota, nayo ina malipo ya uanachama. Watu wengi wameingia huko, wakaombwa kadi ya benki, wakaondoka wakisema MuseScore si ya bure tena. Programu yenyewe hailipiwi.

Ukifika kwenye ukurasa wa kupakua utaona kinachosukumwa mbele ni Muse Hub, ambayo kazi yake ni kuleta programu pamoja na sauti za ziada. Tafuta kiungo cha kupakua MuseScore peke yake, uanze na hiyo. Ndani yake zimo sauti za kawaida zinazoitwa MS Basic, ambazo zinatosha kusikia kama teno amegongana na alto.

Sauti za ziada, Muse Sounds, ndizo zinazosifiwa sana. Mojawapo ni kwaya, na ukilinganisha na zile za zamani zilizolia kama filimbi ya mchezo wa watoto, tofauti ni kubwa. Hata hivyo ni mzigo mzito kupakua, na kompyuta ya zamani itaanza kukwama ukicheza wimbo wa sauti nne. Pia kwaya hiyo haitamki maneno. Itakuimbia "aa" kutoka baa ya kwanza mpaka ya mwisho. Shusha ile ya kwaya tu, usiku, au siku ukipata Wi-Fi ya mtu.

Kabla hujaandika noti hata moja, fungua Preferences, tafuta mahali pa kuhifadhi kiotomatiki, uweke kila baada ya dakika 2. Umeme ukikatika utajua kwa nini.

Hatua ya kwanza: mistari minne, usiibane

Bonyeza Ctrl+N. Chagua violezo, ingia Choral, utaona SATB (soprano, alto, teno na besi), SATB yenye kinanda, na ile iliyobanwa ambamo soprano na alto wanakaa mstari mmoja, teno na besi mwingine. Mkono utakwenda kwenye hiyo iliyobanwa kwa sababu ndiyo inayofanana na vitabu vyetu vya nyimbo, na inaokoa karatasi. Usiichukue. Chukua ile ya mistari minne.

Sababu ni ya baadaye: kila mstari una kidhibiti chake cha sauti na karatasi yake. Soprano na alto wakikaa mstari mmoja, itakuwa vigumu kumtoa alto peke yake na kumtumia sauti yake. Kubana kunaweza kufanywa mwishoni, kwenye nakala, kwa amri ya Implode iliyoko menyu ya Tools.

Kwenye kurasa zinazofuata weka kii, mapigo na idadi ya baa. Kama wimbo unaanza kabla ya pigo la kwanza, weka alama kwenye Pickup measure hapo hapo. Kuirekebisha baadaye inawezekana, ila inachosha. Nikisema baa, nadhani tunaelewana ni ipi.

Wimbo ukiwa wa 6/8, na nyingi za kwaya zetu ni za 6/8, bonyeza Alt+Shift+T kuweka mwendo, na uhakikishe noti inayotajwa ni robo yenye nukta. Ukiacha robo tupu = 60, wimbo wa kuchezea utatoka kama wa mazishi, na utahangaika kutafuta kosa mahali ambapo halipo.

Hatua ya pili: kuingiza noti, na njia mpya kwa waliotoka Finale

Njia ya kawaida: bonyeza N kuingia hali ya kuandika, chagua urefu kwa namba, kisha herufi ya noti. Namba 4 ni noti ya nane, 5 ni robo, 6 ni nusu, 7 ni noti nzima. Kitufe cha nukta kinaongeza nukta, 0 ni kimya, T inaunganisha noti mbili za kimo kimoja. Programu hukisia noti iliyo karibu zaidi na iliyotangulia. Ikikosea, Ctrl na mshale wa juu au chini inahamisha noti kwa oktavu nzima, na mshale peke yake unasogeza nusu hatua.

Toleo la 4.5 la mwaka 2025 limeongeza njia nyingine, na hii ndiyo iliyonifanya niache kulalamika. Bonyeza kishale kilicho kando ya alama ya kalamu, chagua Input by duration. Sasa mambo yamegeuka: unatafuta kimo kwanza kwa mishale, noti hafifu inapanda na kushuka kwenye mistari, kisha unabonyeza namba ya urefu na noti inakaa. Mtu aliyezoea Speedy Entry ya Finale vidole vyake vitaikumbuka njia hii ndani ya dakika chache. Kwa anayeanza leo, njia ya kawaida ni nyepesi zaidi.

Andika soprano yote, kisha besi yote. Alto na teno wafuate. Ukiandika baa kwa baa kutoka juu kwenda chini utapata makodi mazuri yasiyoimbika, kwani hutakuwa umemsikiliza alto akitembea peke yake. Programu haiwezi kukusaidia hapo.

Ngoma na kayamba: toleo hilo la 4.5 limeleta paneli mpya ya ala za kupigwa, yenye vibao unavyogusa na kuvipanga upendavyo. Kayamba hutaikuta kwa jina. Tumia maracas, ubadilishe jina la ala iandikwe Kayamba. Lakini kama mpiga ngoma wako hasomi nota, na wengi hawasomi, andika mtindo wa baa mbili za mwanzo tu. Atajua.

Hatua ya tatu: maneno

Hapa ndipo kazi yetu inapotofautiana na ya Mjerumani au Mwingereza, na ndipo nota nyingi za Kiswahili zinaharibika. Bonyeza noti ya kwanza, kisha Ctrl+L. Andika silabi, bonyeza kistari (-) kama neno linaendelea, au nafasi kama limekwisha. Silabi ikivutwa juu ya noti kadhaa, bonyeza Shift na kistari ili mstari ufuate. Enter inakushusha kwenye ubeti wa pili wa noti hiyo hiyo.

Vitufe si tatizo. Tatizo ni mahali pa kukata. Silabi ya Kiswahili huishia kwenye irabu, na sauti mb, nd, ng, nj na nz husafiri pamoja kwenda silabi inayofuata. Kwa hiyo ni Mu-ngu, wala si Mun-gu. Ni kwe-nda, i-mba, ta-nga-za, ng'a-mbo. Hili linasikika kanisani: ukimwandikia mwimbaji "Mun" juu ya noti ndefu, atafunga mdomo kwenye n mapema, na sauti yote itaingia puani. Ukimwandikia "Mu", ataishikilia irabu wazi mpaka mwisho na kuitamka "ngu" kwenye noti yake. Karatasi ndiyo iliyomfundisha.

Kisha kuna m na n zinazosimama peke yake. M-ta-ka-ti-fu ni silabi tano, na ile m inastahili noti yake. N-chi ni silabi mbili. M-tu, m-ke, m-to vivyo hivyo. Lakini mbali ni mba-li, silabi mbili tu. Usipokuwa na hakika, taja neno polepole ukipiga kofi kwa kila silabi. Mkazo nao unakusaidia, maana uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: katika nchi unaangukia ile n yenyewe, ndiyo maana haiwezi kumezwa.

Chukua mstari huu niliotunga kwa mfano: Mungu wangu, nchi yaimba. Unaandikwa Mu-ngu wa-ngu, n-chi ya-i-mba. Hesabu: silabi tisa, noti tisa. Ukikuta una noti nane, usiibane "nchi" iwe silabi moja kwa lazima. Mara nyingi jibu ni kuifanya "ya-i" ziimbwe pamoja juu ya noti moja, kwa sababu irabu mbili zikifuatana ndimi zetu tayari huzibeba pamoja. Kwa maneno mawili chini ya noti moja, kama "na i-" katika "na imani", bonyeza Ctrl+Nafasi katikati yake ili programu isikurushe kwenye noti inayofuata.

Wimbo ukiwa mrefu, njia ya haraka ni kuandika maneno yote kwanza kwenye faili la kawaida, yakiwa yamekatwa kwa vistari, kisha kuyanakili. Weka kishale kwenye noti ya kwanza, Ctrl+L, halafu bonyeza Ctrl+V mara kwa mara. Kila ukibonyeza, silabi moja inakaa na kishale kinasogea. Alto akiwa na mapigo sawa na soprano unarudia hivyo hivyo bila kuandika upya. Mimi huyakata maneno nikiwa kwenye daladala, kwenye simu, na jioni kazi inakuwa ya kubandika tu.

Angalia pia alama ya ng'. Ukinakili kutoka kwenye simu, alama ile inaweza kuja katika sura mbili tofauti, moja ikiwa imenyooka na nyingine imepinda. Chagua moja wimbo mzima, maana mbili zikichanganyika kwenye ukurasa zinaonekana.

Beti zaidi ya tatu usizirundike chini ya noti, hasa kama kiitikio ndicho chenye sauti nne na mashairi yanaimbwa na mmoja. Andika ubeti wa kwanza chini ya noti, zilizobaki ziweke mwishoni mwa wimbo kwenye fremu ya maandishi, utakayoipata menyu ya Add, upande wa Frames.

Na wale wa solfa? MuseScore haiandiki solfa ile ya nukta mbili na mistari ya wima. Zipo njia mbili. Ya kwanza, chagua noti zote, ingia Properties kwa F8, upande wa kichwa cha noti, uchague solfa ya do inayohama. Vichwa vya noti vitajaa silabi za solfa ndani yake. Inapendeza kwenye skrini, lakini ukitoa fotokopi ya fotokopi hakuna kitakachosomeka. Ya pili ni kuiandika solfa kama ubeti wa ziada chini ya maneno: d, r, m, f, s, l, t. Ni kazi ya mkono, lakini karatasi inasomeka hata kwenye mwanga hafifu. Mimi natumia hii.

Hatua ya nne: nguvu ya sauti

Bonyeza noti, kisha Ctrl+D, uchague p, mf, f na nyingine. Kuongeza au kupunguza taratibu, chagua noti husika na ubonyeze alama ya < au >. Tangu toleo la 4.4 alama hizi zinaweza kupewa sauti moja tu ndani ya mstari. Zamani, kwenye nota zilizobanwa, ukimwandikia teno f, besi naye alilipuka. Sasa unachagua alama, unaingia Properties, unaipa sauti ya 1 au ya 2.

Usizijaze. Kwaya ya parokia inafuata mkono wa mwalimu kuliko ff iliyoandikwa, na alama sita katika baa nne zinafichana.

Hatua ya tano: ukurasa

Programu imepanga mambo mengi vizuri yenyewe, kwa hiyo kabla ya kuvuta chochote kwa kipanya, jiulize kama kweli kuna tatizo. Kinachohitaji uamuzi wako ni mahali mstari unapokatika. Mwimbaji asigeuze ukurasa katikati ya sentensi. Zamani tulikata kwa Enter mwishoni mwa baa, kisha ukiongeza noti moja juu, mpangilio wote chini ukavurugika. Toleo la 4.5 limeleta kufuli: unachagua baa unazotaka zikae pamoja, kisha unazifunga katika mstari mmoja. Hazitatawanyika tena. Fanya hivi mwisho kabisa, maneno yakishakamilika, kwa sababu maneno ndiyo yanayopanua baa.

Ukubwa unabadilishwa kwenye Format, Page settings. Karatasi iwe A4. Nafasi kati ya mistari ile mitano ambamo noti hukaa huwa milimita 1.75, na kwa sauti nne zenye maneno nimeona 1.5 inatosha kuokoa karatasi bila wazee wa besi kulalamika. Chini ya hapo watalalamika, na watakuwa na haki.

Hatua ya sita: kuchapa na kutuma

Menyu ya File, Export, PDF. Hata kama unakwenda kuchapa duka la jirani, nenda na PDF. Niliwahi kubeba faili la .mscz, yaani lile la MuseScore lenyewe, peke yake hadi duka la stesheneri, kompyuta yao ilikuwa na toleo la 3, na toleo la 3 halifungui kazi ya toleo la 4. Siku hiyo tuliimba kwa kukariri.

Sasa lile lililotufanya tuanze na mistari minne. Fungua F10 uone kichanganyio cha sauti. Mwache soprano alivyo, washushe wenzake watatu mpaka karibu desibeli 12 chini, kisha Export, MP3, jina "Soprano". Rudia kwa alto, teno na besi. Kila mmoja atasikia sauti yake mbele na wenzake nyuma yake, na hilo ni bora kuliko kumpa sauti yake peke yake, kwa sababu siku ya mazoezi hataimba peke yake. Ukiwa na haraka, bonyeza Parts juu, tengeneza karatasi za kila sauti, na kwenye Export uzichague zote kwa mkupuo. Hapo kila mmoja atapata sauti yake tupu.

Kabla ya kutuma, ongeza baa mbili za kimya mwanzoni kwenye nakala ya kutolea sauti, au upige noti ya kuanzia kwa kinanda. Bila hivyo teno atakuwa anaanza wimbo kila mara akiwa amechelewa.

Nyimbo zilizobaki ndani ya Finale

Fungua Finale wakati bado inafunguka. Ingia File, Export, utoe kila wimbo kama MusicXML, aina ya faili inayosomwa na programu mbalimbali za nota. Kwenye matoleo ya karibuni ipo pia amri ya Translate Folder to MusicXML, inayobadili folda nzima kwa mara moja. Kama una nyimbo 80, hiyo ndiyo itakayokuokoa. Toa na PDF ya kila mmoja, ili uwe na cha kulinganishia.

Faili la MusicXML litafunguka MuseScore moja kwa moja. Noti, kii, mapigo na maneno kwa kawaida hufika salama. Vinavyopotea au kuhama ni nafasi ulizozipanga kwa mkono, maandishi ya pembeni, na wakati mwingine alama za kurudia. Kagua mambo matatu kwanza: ufunguo wa teno kama bado una ile 8 ndogo chini yake, beti kama hazijapandana, na D.C. au D.S. kama bado zinarudi mahali pake unapocheza wimbo. Kisha hifadhi kwa .mscz, na ile ya MusicXML uitunze pembeni, kwa sababu programu nyingine za nota kama Sibelius na Dorico nazo zinaisoma.